Sungura Si Mwanakondoo

Murdo Geddes aliamka kabla ya jua, kama kawaida yake. Ilikuwa Julai, na Julai ya Maniototo, kusini mwa New Zealand, ni ya baridi isiyo na huruma na mtu. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya nyasi, juu ya nyaya za uzio, hata juu ya kiti cha pikipiki yake. Alikunywa chai ya moto, akavaa kofia ya sufu, akatoka kwenda kuwapa kondoo wake majani makavu.

Kabla ya kufika kwa kondoo, alipita kwenye kibanda kidogo nyuma ya nyumba. Humo aliishi Pikelet, sungura wa kahawia mwenye masikio marefu. Jina lake lilitokana na vile vimkate vya kikaangoni alivyopika Lorna, mke wa Murdo. Mwenye sungura alikuwa Tess, binti yao wa pekee. Tess alikuwa akisoma bweni mjini Dunedin, shule ya sekondari, kama watoto wengi wa mashamba ya mbali. Siku ya kuondoka alimkumbatia sungura wake, kisha akamkazia macho baba yake.

"Baba, huyu nakuachia wewe. Si mama. Wewe."

"Mimi? Mwanangu, kazi yangu ni kuwapiga risasi hao."

"Najua. Lakini ukiahidi kitu, unakifanya. Niahidi."

Murdo akaahidi. Lilikuwa jambo la kuchekesha, maana babu yake aliwinda sungura, baba yake aliwinda sungura, na yeye mwenyewe shabaha yake ilisifiwa bonde zima. Huko sungura wa porini hula malisho yakabaki mavumbi matupu. Hakuna mfugaji anayewapenda. Jirani yake, Doug Beattie, alipokiona kile kibanda alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani! Geddes mzima anafuga adui!"

"Wa porini ni wa porini," Murdo alimjibu. "Huyu ana jina."

Basi, asubuhi hiyo Murdo alichungulia kibandani. Chupa ya maji iliyoning'inia kwenye waya ilikuwa imejaa. Jana yake pia ilikuwa imejaa. Murdo akaridhika. Kisha akatazama bakuli la shayiri. Tangu baridi izidi alikuwa akimwongezea Pikelet shayiri, apate joto mwilini. Lakini shayiri ya jana ilikuwa vilevile. Haikuguswa hata punje.

Pikelet alikuwa amejikunyata pembeni. Mgongo umepinda, macho yamefumbwa nusu, na meno yanasagana taratibu. Murdo alimgusa masikio. Yalikuwa baridi kama chuma cha lango.

Alimtoa, akamtia ndani ya koti, akakimbilia jikoni.

"Lorna! Chochea jiko! Pikelet kaganda!"

Hapo Murdo hakuwa na wasiwasi sana, na sababu anayo. Kila majira ya kuzaa, wanakondoo huzaliwa kwenye theluji na kuganda. Murdo huwaleta jikoni. Huwaweka kwenye droo ya chini ya jiko la kuni, ile ya kupashia sahani moto. Huwapa maziwa ya uvuguvugu yenye tone la brandi. Baada ya muda mwanakondoo husimama na kulia akimtaka mama yake. Kwa kazi hiyo Murdo alijulikana na kila mtu, na sifa hiyo aliipenda kuliko anavyokubali kusema.

Kwa hiyo alifungua droo. Akatandika taulo, akamlaza Pikelet ndani yake. Akachukua chupa ya brandi kabatini.

"Murdo, una hakika?" Lorna aliuliza.

"Wangapi nimewafufua humu jikoni? Nipashie maziwa, bwana."

Lorna hakubishana. Lakini maziwa hakupasha. Alichukua simu, akampigia Ngaire Tipa, jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Ngaire alikuwa muuguzi katika zahanati ya wanyama ya mjini, na wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anakwangua barafu kwenye kioo cha gari aende kazini. Alifika hata kabla Murdo hajapata sufuria.

"Nani kamwoka huyu?" Ngaire alisema, akavuta droo na kumtoa sungura.

"Simwoki, namfufua."

"Unampika, baba. Sungura hatoi jasho. Joto likizidi hana pa kulipeleka, anakufa mikononi mwako. Na hiyo brandi ni ya nani?"

Murdo aliitazama chupa. "Yake. Tone moja tu, kwenye maziwa."

"Irudishe kabatini, au unywe wewe. Pombe ni sumu kwake. Maziwa nayo yatamvuruga tumbo. Mwanakondoo ananyonya, Murdo. Huyu ni mtu mzima, anakula majani."

Ngaire alikuwa tayari anamkagua Pikelet. Aligusa masikio, akaangalia ufizi, akaweka sikio lake tumboni.

"Mara ya mwisho kupata choo ni lini?"

"Nani, mimi?"

"Sungura, bwana! Nenda kaangalie kibandani."

Murdo alitoka. Alirudi na vipunje vichache kiganjani, vikavu na vidogo kama pilipili manga.

"Hivi tu. Na shayiri haijaguswa tangu jana."

"Nilijua," alisema Ngaire. "Tumbo limesimama. Sikilizeni. Tumbo la sungura halipumziki. Majani yaingie, kinyesi kitoke, mchana na usiku. Likisimama, gesi inajaa, anapata maumivu, anaacha kula. Akiacha kula, ndiyo linazidi kusimama. Sungura asiyekula na asiyepata choo tangu jana hasubiriwi mpaka kesho. Kesho hayupo."

Murdo aliikumbuka ahadi yake. Tess alikuwa anarudi likizo wiki hiyohiyo.

"Lakini mbona nimemtunza? Shayiri nimemwongezea. Maji yapo, chupa imejaa kila siku!"

"Niletee hiyo chupa."

Akaileta. Ngaire akaigeuza juu chini juu ya sinki. Halikudondoka hata tone. Ndani yake mlikuwa na bonge la barafu.

"Imejaa kwa sababu hajanywa," alisema Ngaire kwa upole. "Mdomo wa chupa umeganda. Bila maji, majani yanakauka tumboni. Na shayiri nyingi inamshibisha, anaacha majani makavu, ambayo ndiyo yanasukuma tumbo."

Murdo alikaa kwenye kiti. Kila asubuhi alikuwa ameitazama ile chupa na kujisifu moyoni. Sasa aliona aibu, na zaidi ya aibu, aliona huruma kwa kile kiumbe kilichokuwa na kiu siku zote hizo bila kusema.

"Niambie la kufanya," alisema. "Chochote."

"Kwanza joto la polepole. Lorna, chupa mbili za maji ya moto, zizungushie taulo. Tumweke kwenye boksi, chupa upande mmoja tu, upande wa pili uwe wazi. Akisikia joto limezidi, asogee mwenyewe. Chakula asipewe kwa nguvu wakati mwili bado wa baridi. Pili, twende kwa daktari sasa hivi."

"Kondoo hawajala bado," alisema Lorna.

"Kondoo wana sufu," alijibu Murdo, akabeba boksi, wote watatu wakaingia garini.

Mjini daktari alimpapasa Pikelet tumbo na kumpiga picha ya eksirei, ahakikishe hakuna kilichoziba ndani. Alisema dawa ya kuamsha tumbo haitolewi kwa kubahatisha, kwa sababu ikiwa kuna kitu kimeziba, inaweza kumuua. Hakuona kizuizi. Akamchoma sindano ya maumivu, akamwekea maji ya uvuguvugu chini ya ngozi, akampa na dawa ya tumbo. Pikelet alipopata joto, Ngaire alikoroga unga wa majani kwa maji, akauvuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha.

"Haya, mikono yako," alimwambia Murdo.

"Mikono hii? Hii ni ya kondoo dume!"

"Ndiyo hiyohiyo. Mviringishe kwenye taulo, akae wima. Usimlaze chali, chakula kitaingia mapafuni. Bomba lipitie pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Kidogo. Ngoja ameze. Kidogo tena."

Murdo alisukuma bomba taratibu. Tone la kwanza lilimwagikia kidevu. La pili likabaki mdomoni. La tatu, taya dogo likaanza kutafuna.

"Anatafuna!" Murdo alinong'ona. "Lorna, umeona? Anatafuna!"

Walirudi naye nyumbani. Daktari aliwaambia wampigie mara moja hali ikibadilika. Murdo hakumweka karibu na jiko. Alimweka kwenye chumba cha Tess, pasipo na upepo wala joto kali. Alitoka kwenda kuwalisha kondoo, akarudi mbio. Mchana kutwa alikuwa akiingia na bomba lake, akimpa kidogo kidogo kama alivyofundishwa.

Alasiri Doug Beattie alikuja kuazima msumeno. Alimkuta Murdo amekaa sakafuni, sungura kwenye taulo.

"Mama yangu! Geddes unamnyonyesha adui?"

"Funga mlango, Doug. Unaingiza baridi."

"Nikiwasimulia baa, watu watakufa kwa kicheko."

"Wasimulie. Lakini wasimulie vizuri. Waambie ni pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele."

Doug alisimama kidogo, akatazama vile vidole vinene vikifuta kidevu cha sungura. Akachukua msumeno, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Murdo aliinua taulo la boksi, na nyumba nzima ikamsikia.

"Kapata choo! Lorna! Njoo uone, kapata choo!"

Lorna alikuja akiwa bado amevaa nguo za kulalia. Vilikuwa vipunje vidogo, lakini vingi, na vibichi. Wawili hao waliinama juu ya boksi wakivitazama kwa furaha kubwa. Murdo alimpigia Ngaire simu.

"Vikubwa au vidogo?" Ngaire aliuliza.

"Vidogo, lakini vimejaa tele! Na anatafuna majani makavu mwenyewe!"

"Hongera, baba. Endelea na dawa mpaka daktari aseme basi."

Pikelet alipopata nguvu, Murdo alijenga upya. Kibanda alikihamishia pembe ya banda la kunyolea kondoo, palipo pakavu, akakiinua kutoka sakafuni. Pande tatu alizikinga upepo, lakini juu aliacha nafasi ya hewa. Alijaza mabua makavu ya kulalia, mengi ya sungura kujichimbia. Majani makavu aliweka rundo kubwa kuliko Pikelet mwenyewe. Shayiri ikawa ya kuonja tu. Maji aliyaweka kwenye bakuli zito, akayabadilisha asubuhi na jioni, na wakati wa sakitu kali hata mchana. Alikuwa akitia kidole majini ahakikishe. Kisha alitazama kinyesi. Bila kuona kinyesi, hakwenda kwa kondoo.

Tess alirudi na basi la Ijumaa. Alikwenda moja kwa moja kwa sungura wake, akiwa bado na sare. Murdo alimfuata. Alikuwa amejiandaa kusema kidogo, lakini alijikuta anasema yote: chupa iliyoganda, droo, hata brandi.

Tess alimbana Pikelet kifuani.

"Angekufa, baba."

"Ndiyo. Angekufa kwa kujifanya kwangu najua."

"Lakini hakufa."

"Hakufa," alisema Murdo. "Nilijifunza haraka."

Jioni walikuwa mezani wakila nyama ya kondoo na viazi wakati simu ilipolia. Alikuwa Doug. Sauti yake ilikuwa chini, ya mtu asiyetaka kusikika.

"Murdo, usicheke. Mjukuu wangu kaletewa sungura. Toka asubuhi kajikunyata tu. Mke wangu anapasha maziwa."

Murdo aliweka uma chini.

"Maziwa yamwagwe. Mguse masikio. Ya baridi? Sawa. Kapata choo leo? Kaangalie, nakusubiri. Na chupa ya maji igeuze juu chini, usiitazame tu."

Alimsikiliza Doug, akamwelekeza chupa za maji ya moto, taulo, na boksi lenye upande wazi. Akamwambia ampigie daktari wa zamu sasa hivi, asingoje kesho. Mwisho akasema, "Nakuja. Tutampeleka pamoja."

Alipokata simu aliona Tess anamtazama. Murdo aliwahi kushinda utepe wa kondoo dume bora kwenye maonyesho, na Tess alikuwapo. Siku ile hakumtazama hivi. Murdo aliinuka, akachukua funguo za gari.

"Twende, baba," alisema Tess, akimpa koti. "Mimi nitashika boksi."