Tundu la Chini ya Pampu

Mtaani walimwita Gundi, na jina likamkaa. Alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa barazani mwa nyumba yake mwenyewe. Kila asubuhi alipanga soli huku na visigino kule, kisha akafungua kopo la gundi. Harufu ilifika mpaka jikoni. Mkewe alikwishachoka kulalamika.

Kwa Gundi, tundu lolote lilikuwa adui. Tundu la kiatu, la ndoo, la mwavuli, yote yalipata dawa moja.

Binti yake, Cheche, alikuwa mwendesha pikipiki za mashindano, zile zenye matairi ya meno zinazopanda milima na kuruka matuta. Mwaka uliopita aliongoza mbio mpaka mlima wa mwisho. Hapo rejeta ikachemka, mvuke ukamfunika, na wenzake wote wakampita. Alirudi akisukuma pikipiki, hataki kusemeshwa. Mwaka huu alikuwa amejifua kwelikweli. Mbio zilikuwa Jumamosi, na mshindi angeingia timu ya mkoa.

Mapema wiki hiyo aliona matone ya kijani chini ya injini.

"Baba, maji ya rejeta yanavuja."

Gundi akainama, akachungulia. Chini ya pampu ya maji kulikuwa na tundu dogo, na matone yalitokea hapo.

"Kazi ndogo hii, mwanangu."

Akalipaka gundi, akasubiri ikauke. Matone yakakoma. Siku hiyo Gundi alitembea kifua mbele, akimsimulia kila mteja, hata wale waliokuja kuchukua kandambili tu.

Kesho yake Cheche alirudi kutoka mazoezini mapema. Injini ilikuwa moto kupita kiasi na mlio wake umebadilika. Mama yake alikuwa akipita na ndoo. Akakitazama kile kioo kidogo cha ubavuni mwa injini kinachoonyesha oili.

"Nani kamimina chai ya maziwa humu?"

Hakuna aliyecheka. Oili ilikuwa nyeupe. Cheche akakaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke anayetengeneza pampu za kumwagilia mashamba. Watu walimwita Mama Pampu. Alikuja na sanduku lake la spana, akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya injini.

"Nani kaziba hapa?"

Gundi akakohoa. "Mimi, dada."

"Kwa gundi ya viatu?"

"Ile nzuri," alisema Gundi kwa sauti ndogo.

Mama Pampu hakumcheka. "Jirani, tundu hili waliounda injini waliliweka makusudi. Ndani mna sili mbili, mipira ya duara iliyokumbatia chuma kinachozungusha pampu. Moja inazuia maji, nyingine inazuia oili. Katikati yao pana nafasi, na tundu hili linatokea hapo. Sili ya maji ikichoka, maji yanadondoka nje, unaona, unatengeneza. Wewe ulipoziba, maji yalikosa pa kutokea, yakajipenyeza kwenye oili."

"Yaani pikipiki ilikuwa inasema, nami nikaiziba mdomo."

"Ndiyo hivyo."

Gundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Cheche alimgeukia Mama Pampu. "Imekufa, shangazi?"

"Tumewahi. Ungekimbia nayo Jumamosi, ningekuja kuwapa pole tu. Kwanza ipoe. Rejeta haifunguliwi ikiwa moto, itakuunguza uso."

Injini ilipopoa walimwaga maji na oili, wakafungua kifuniko cha pampu. Ndani mlikuwa na feni ndogo inayosukuma maji. Mama Pampu akaitikisa kwa vidole. Ikacheza huku na huku.

"Beringi nayo imekwisha, hii ya gololi inayoshikilia chuma kinapozunguka. Ndiyo iliyoila sili."

"Si tubadilishe sili tu?" aliuliza Gundi. "Ndiyo inayovuja."

"Ukibandika soli mpya kwenye kiatu chenye kisigino kilichopinda, itadumu?"

"Aa, italika upande mmoja."

"Basi umejijibu."

Akapitisha ukucha kwenye kile chuma kinachozunguka. Kilikuwa laini. "Kingekuwa na mfereji tungekibadilisha pia," alisema.

Cheche alileta vipuri kutoka dukani: sili mbili, beringi na gasketi ya kukalia kifuniko. Walilowesha kifuniko, ambamo beringi na sili hukaa, kwenye maji ya moto. Chuma kikatanuka kidogo, beringi kuukuu ikatoka bila vita, sili nazo wakazing'oa. Gundi akachukua nyundo aingize beringi mpya. Mama Pampu akamshika mkono.

"Ukigonga katikati, umeiua kabla haijaanza kazi. Sukuma ukingo wa nje, pande zote kwa pamoja."

Gundi akafikiri. Akaenda kibandani, akarudi na kipande cha bomba la chuma anachoshindilia visigino vya viatu vya kike. Akakiweka juu ya beringi. Kikalingana na ukingo.

Mama Pampu akatabasamu. "Hapo sasa umekuwa fundi mwenzangu."

Gundi akagonga taratibu, kwa mkono uliozoea kazi. Beringi ikakaa. Kisha zikafuata sili, zimepakwa grisi kwenye midomo.

"Mdomo wa sili hutazama kile inachokizuia," alieleza Mama Pampu. "Ya maji itazame maji, ya oili itazame oili. Ukizigeuza, zitavuja leo leo."

Tundu lile Gundi alilizibua mwenyewe kwa sindano ya viatu, chembe kwa chembe, mpaka mwanga ukapita. Wakafunga, wakatia oili mpya, wakaijaza rejeta. Waliacha kifuniko chake wazi na injini ikanguruma polepole mpaka mapovu yakaisha. Oili wakaimwaga na kutia nyingine, wakarudia mpaka weupe wote ukatoka.

Jumamosi watu walijaa kandokando ya njia. Pikipiki zilipofika mlima wa mwisho, Cheche alikuwa wa pili. Gundi alikodoa macho akitafuta mvuke. Hakuuona. Mlio ulikuwa mmoja, mzito, bila kukwaruza. Cheche akampita aliyekuwa mbele, akafika kileleni peke yake, akashuka mpaka mwisho akiwa ameinua ngumi. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mama Pampu alikuwa akirukaruka na spana mkononi.

Kombe lilikuwa kubwa, linang'aa. Cheche alikuja nalo mbio, matope mpaka kwenye nyusi, akimtafuta baba yake. Alimkuta amelala chali chini ya pikipiki, shati lake jipya kwenye udongo, anachungulia lile tundu.

"Baba, kombe liko huku juu."

"Nakuja," alisema Gundi, machozi yakimchuruzika mpaka masikioni. "Ngoja kwanza. Ni kavu, mwanangu. Kavu kabisa."