Kovu la Masizi

Asubuhi mama alimwogesha Chiriku kwa kata mbili za maji. Kisha akamvisha gauni la bluu. Lilikuwa gauni la dada yake, nalo lilimpwaya mabegani.

"Mama, hili si langu."

"Leo ni lako. Tulia."

Mama alichovya kidole kwenye masizi ya sufuria. Akachora mstari mfupi juu ya jicho la mwanawe. Mpole, dada mtu, alikuwa na kovu mahali hapo. Mpole alifariki wiki sita zilizopita.

Kila mwaka mhudumu wa mradi alikuja kumpiga Mpole picha. Picha ilipelekwa kwa mfadhili wake, mtu wa mbali aliyetoa fedha kila mwezi kwa jina la mtoto huyo. Mwaka huu mradi ulikuwa unachimba kisima, na kazi ilikuwa imefika nusu.

"Mfadhili akisikia mtoto hayupo, ataondoka," mwenyekiti wa kijiji aliwaambia watu. "Kisima kitabaki shimo. Tufunge midomo."

Wakafunga, hata wale waliochimba kaburi.

"Leo unaitwa nani?" baba aliuliza.

"Mpole."

"Ukiulizwa neno?"

"Ninanyamaza."

"Chiriku kunyamaza! Makubwa haya," baba alisema. Hakuna aliyecheka.

Mhudumu alipiga hodi, kamera shingoni, faili kwapani. Akaitazama picha ya mwaka jana, kisha akamtazama mtoto.

"Mpole, wenzako wanarefuka, wewe unafupika?" alitania.

Alimsimamisha ukutani. Jua lilikuwa kali. Jasho lilimtiririka Chiriku usoni, na masizi yakateremka nalo. Mhudumu alitoa leso akamfuta. Kovu likabaki kwenye leso.

Polepole, mhudumu aliishusha kamera.

"Wewe ni nani, mwanangu?"

Mtoto alimtazama mama yake. "Mimi Chiriku. Dada tulimzika. Sasa mimi nikiwa Mpole, Chiriku atakuwa nani?"

Mama aliketi chini akalia.

"Tusamehe, ndugu yangu," baba alisema. "Tuliogopea kisima."

"Poleni. Poleni sana." Mhudumu aliketi pamoja nao. Kisha akasema, "Fedha za wafadhili wote huwekwa pamoja. Hizo ndizo zinazochimba kisima. Mfadhili wa Mpole tutamwandikia ukweli. Huenda akaacha, huenda akaendelea. Kazi ya kisima haitasimama kwa sababu ya mtoto mmoja."

"Mbona hatukujua?" baba aliuliza.

"Tulipaswa kuwaeleza tangu mwanzo. Hapo tulikosea sisi." Akafungua faili. "Mpole aliugua nini?"

"Kuhara. Siku tatu tu."

"Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Bwawani, kama watu wote."

"Kuna mwingine anayehara?"

Mama alifuta macho. "Watoto wa fundi cherehani. Wawili. Tangu juzi."

Mhudumu alisimama. "Mngeniambia siku ile, bwana afya angekuja wiki sita zilizopita."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliuma zaidi.

Bwana afya alifika mchana huo huo. Aliwapa watoto wa fundi maji yenye dawa ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, mara nyingi. Akawafundisha wazazi wote kuchemsha maji mpaka yatokote, na kuyafunika. "Mtoto akianza kuhara, mpeni maji haya ya dawa na mje zahanati siku hiyo hiyo," alisema. "Kifo kikitokea, semeni. Tukijua chanzo, tunawawahi wengine."

Watoto wa fundi walipona.

Miezi minne baadaye kisima kilitoa maji. Ndoo ya kwanza mwenyekiti aliibeba mwenyewe mpaka kwa mama. Aliiweka mlangoni. Kisha akaondoka.

Ukutani sasa kuna picha mbili. Moja ni ya Mpole, ya mwaka jana. Nyingine ni ya Chiriku, amevaa gauni lake mwenyewe. Chini ya picha hiyo mhudumu aliandika: Chiriku.

Jioni mama na Chiriku huenda kisimani. Njia nzima Chiriku huzungumza: mbuzi, shule, kiatu kilichokatika, dada. Mama hubeba ndoo na kusikiliza. Hamwambii atulie.