Liesbet na Mteremko wa Daraja

Kila Jumatano shule ilipofungwa saa sita mchana, Liesbet alikula mkate na jibini akiwa amesimama, akavaa kofia yake ngumu na kutoa baisikeli ya mashindano bandani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kwao Flandria, kaskazini mwa Ubelgiji, nchi ni tambarare, na upepo wa baharini hauna wa kuuzuia. Kwa hiyo watoto wa chama cha baisikeli hufundishwa mapema kuinama. Anayekaa wima hupigwa na upepo kifuani na kuchoka kabla ya wenzake.

Kocha Godelieve alikuwa anatafuta mtu wa nne wa kikosi cha mashindano ya sikukuu ya kijiji. Jorik na wenzake wawili walikwisha kuchaguliwa. Liesbet aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota usiku.

"Leo tunateremka daraja, bila kukanyaga pedali," kocha alitangaza. "Atakayeserereka mbali zaidi ndiye aliyeukwepa upepo vizuri."

Daraja la mfereji wa mashua, lililoinuka katikati, ndilo lililokuwa mlima wao pekee.

"Wewe utaishia kwenye kibanda cha chipsi," Jorik alimtania Liesbet.

"Ninunulie basi, nizichukue nikipita!"

Jorik hakujua kwamba juzi Liesbet alikuwa ameushusha usukani wake kwa siri mpaka mwisho, ili ainame kama mabingwa. Tangu hapo mgongo ulimuuma. Aliteremka amelala juu ya baisikeli, akakipita kibanda, akaenda kusimama mbali kuliko wote. Wenzake walimshangilia.

"Umeushusha usukani?" kocha aliuliza.

"Hapana, kocha. Uko vilevile."

"Na mgongo hauumi?"

"Hauumi hata kidogo."

Kocha alimtazama kidogo. "Haya. Sasa fuateni mfereji mpaka kwenye kinu cha upepo. Safari hii mkanyage."

Upepo ulikuwa usoni. Mwanzoni Liesbet alienda vizuri, kisha magoti yakaanza kumgonga tumbo, pumzi ikambana, na mgongo ukawaka moto. Wote wakampita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Liesbet aliumbuliwa na upepo. Alishuka, akaketi kwenye nyasi na kulia.

Jorik aligeuza baisikeli akamrudia. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimemdanganya kocha."

"Mh! Makubwa hayo. Panda, kaa nyuma yangu nikukinge upepo. Lakini kwa kocha utasema mwenyewe, mimi simo."

Walipofika kwa kocha, Liesbet alisema yote.

"Usukani niliuona tangu darajani," kocha alisema. "Nilikuwa naungojea mdomo wako useme. Kuserereka si kuendesha, binti. Ukiinama hadi ukashindwa kupumua, miguu itapata wapi nguvu?"

Alichukua spana akaupandisha usukani. "Shika hapa chini palipopinda. Kunja viwiko, legeza mabega, teremsha kichwa, macho mbele. Mgongo ukipona tutaufanyisha mazoezi, nao utainama wenyewe polepole."

Mgongo ulipopona, Liesbet alirudia mtihani. Darajani hakufika mbali kama mara ile, lakini kwenye kinu alifika akiwa bega kwa bega na Jorik. Akapewa nafasi ya nne.

Siku ya sikukuu walifuatana kwa karibu, wakipokezana kukaa mbele kuwakinga wenzao upepo. Zamu ya Liesbet ilipofika, mgongo ulianza kumvuta. Alitamani kujikaza, watu wamwone.

"Nimechoka! Nipokee!" alipaza sauti.

"Njoo nyuma, dada, pumzika!" Jorik alijibu, akapita mbele. Kikosi hakikupunguza mwendo.

Walimaliza wa pili, wakapewa maua. Liesbet alimkabidhi kocha shada lake.

"Asante, mwanangu," Kocha Godelieve alisema, akimkumbatia. "Lakini lililonifurahisha zaidi ni ule ukelele wako wa 'nimechoka.' Mwenzako hawezi kukukinga upepo usiomwambia."