Kiti Kilichozungushiwa Kamba

Muuguzi aligundua jambo lenyewe siku alipoamua kuvunja amri ya mumewe. Alikuwa ametoka zamu, miguu imemvimba, na sebuleni hapakuwa na pa kukaa. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa ameliondoa sofa ili apate nafasi ya kiti kimoja tu: kiti cha mabomba ya chuma na ngozi nyeusi, kilichotengenezwa enzi za babu zao na hadi leo kikiitwa cha kisasa. Alikizungushia kamba, na kwenye kamba akaning'iniza kibao: USIGUSE.

Muuguzi aliinua kamba, akaegemeza mkono kwenye ngozi ili ajishushe. Ilikuwa na joto. Jua halikufika upande ule. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Mwalimu! Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hapakaliwi hapo!" mumewe alifoka kutoka chumbani. "Ile ni sanaa!"

Yakaanza yale yale. Mwalimu alikuwa amefundisha uchoraji maisha yake yote, na ukimgusia kile kiti lazima akusomeshe: jinsi wachoraji wa ng'ambo walivyoingia makumbusho wakaviona vinyago vya Afrika, wakaacha kuchora uso kama uso na kuanza kuuvunjavunja, na jinsi mafundi wa viti nao walivyoambukizwa, wakatupa mapambo yote, yakabaki mabomba na ngozi.

"Na hivyo vinyago, vilichongwa vya kutazamwa?" mkewe aliuliza huku akijisugua kifundo cha mguu.

"Vya kuvaliwa. Wao ndio waliovitundika ukutani."

"Sasa mizimu iliyokuwa ikiingia humo ilienda wapi?"

Mwalimu akamwambia hana jicho la sanaa. Muuguzi alimeza hasira, akaenda jikoni kukaa kwenye kigoda chake. Katika nyumba nzima, hapo tu ndipo palipobaki pake, na hilo lilimuuma kuliko miguu.

Tangu siku hiyo kiti kikawa na mambo. Kila giza lilipoanza kuingia, ngozi ililia kama inavyolia mtu mzito anapojigeuza. Harufu ya moshi wa kuni ikatanda sebuleni, na hapakuwa na kuni. Jioni moja wote wawili waliona ngozi ikibonyea polepole, ikatulia.

"Ni paka," alinong'ona Mwalimu.

"Paka gani, baba? Tuna paka sisi?"

Mganga aliyeitwa, bibi mfupi asiye na maneno mengi, alikataa kuvuka kizingiti cha sebule.

"Umeleta kiti, umekizungushia kamba, umewafukuza watu wako," alimwambia Mwalimu. "Ulidhani unamwekea nani, mwanangu? Huyu ametolewa kwake zamani, anatafuta pa kukaa, nawe umemtandikia."

"Tufanyeje, bibi?" aliuliza muuguzi.

"Mwombeni awapishe, kwa adabu. Kisha mwonyesheni mlango. Yote mawili, msisahau."

"Niombe ruhusa kwenye kiti changu mwenyewe?" Mwalimu aliruka kamba na kujibwaga kitini. "Haya! Yuko wapi?"

Mganga alikuwa ameshaanza kurudi nyuma akishika ukuta, na muuguzi alikuwa ameona kwamba mumewe hakuwa amefika kwenye ngozi, kwamba kati ya suruali yake na kiti palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, kwamba miguu yake ilining'inia bila kugusa sakafu kama ya mtoto aliyepakatwa, na kwamba shati lake lilikuwa linajikunja kiunoni, kulia na kushoto, mahali ambapo mikono ya mtu ingepita kama angekuwa anamkumbatia kwa nyuma.

"Mke wangu," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi kuinuka."

Muuguzi alipiga magoti. "Mkubwa wetu, tumekukosea. Tunakuomba utupishe."

Ngozi ililia. Mwalimu akadondoka kitini puu, akapumua, akaanza kulia. Muuguzi alimkokota hadi nje ya kamba, akamfuta uso, akang'oa kile kibao na kukivunja gotini. Harufu ya moshi ilikuwa imeisha, na kiti kilikuwa baridi kama chuma cha kawaida.

"Kuanzia leo tutakikalia," alisema Mwalimu. "Kaa wewe kwanza, mama. Nisamehe."

Lakini muuguzi hakutaka hata kukitazama. Alitaka kuipumzisha miguu yake mahali pake mwenyewe. Alijikongoja hadi jikoni, akakivuta kigoda, akakaa.

Kilikuwa na joto. Ndipo alipokumbuka kwamba hakuna aliyemwonyesha mlango.