Sanduku la Mwisho Lililobaki Chini

Saa tisa alasiri, chumba cha nyuma cha mgahawa wa maharage, mtaa wa Karmuz, Aleksandria.

Ramadhani. Masufuria yamepoa, wateja hakuna, midomo imekauka. Wanaume watatu walikaa juu ya magunia. Maalim Desouki, bosi wao, alikuwa akichezea tasbihi. Shalabi, dereva, alikuwa akinuna kwa kukosa sigara. Wa tatu alikuwa Wagdi, fundi wa kompyuta wa kampuni ya maghala, mpwa wa Desouki.

"Rudia, injinia," Shalabi alisema. "Polepole. Mimi nilisoma shule ya matairi."

"Barua pepe za kampuni zilikuwa zote kwenye seva yetu, chini ya jengo," Wagdi alisema. "Sasa tunazihamishia mtandaoni, kwenye mitambo ya kukodi. Wingu. Sanduku moja moja la barua. Mpaka tumalize, chini na juu vimeunganishwa. Barua ikitoka chini, huko juu inapokelewa kama ya mtu wa nyumbani. Haihojiwi."

"Na la mkurugenzi?"

"Limebaki chini, peke yake. Nakala yake iko tayari juu, imebaki hatua ya mwisho. Analiogopa wingu."

"Mungu amzidishie woga," Desouki alisema.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mzinga wa futari ukilia, mji mzima uko mezani. Wagdi anaandika kwa jina la mkurugenzi: toeni kontena la shaba, lori liko getini. Karani wa ghala lazima aulize kwa barua kama ni kweli. Swali linashuka kwenye sanduku la chini, Wagdi analijibu, anafuta. Shalabi anaondoka na shaba.

"Kadi yako ya mlango iache nyumbani," Desouki alimwambia mpwa wake. "Nitaingia na wewe."

"Huniamini, mjomba?"

"Nimekulea mwenyewe. Nakujua unavyotetemeka."

Wagdi alitaka kukataa. Alitaka tangu wiki iliyopita. Lakini mama yake alipokufa, ni huyu mtu aliyemchukua, akamlisha, akamsomesha. Utamkataliaje mtu kama huyo? Akaenda kuiacha kadi nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni. Mzinga.

Mlinzi wa kampuni, Ami Gawdat, alikuwa ametandika gazeti kwenye ukumbi wa chini, nje ya chumba cha seva. Mzee wa Sohag, kusini, peke yake na sufuria ya mboga ya mulukhiya.

"Wallahi hampiti! Kazi itawasubiri. Kaeni!"

"Tuna haraka, Ami."

"Haraka ya kwenda wapi na tumbo tupu? Na huyu?"

"Mjomba wangu."

"Basi ni ndugu yangu!" Akamkumbatia Desouki, akamkatia mkate kwa mikono yake, akawasukumia nyama yote iliyokuwemo, yeye akabaki na mchuzi. Walikula kwenye bakuli moja. Kisha mzee akapanda kutafuta maji ya wudhu.

Desouki alitoa kadi mfukoni, akaigusisha mlangoni. Taa ikageuka kijani. Wagdi aliona picha iliyo kwenye kadi.

"Hiyo ni ya Ami Gawdat."

"Niliichukua alipokuwa ananikumbatia. Kesho wataangalia nani alifungua. Ni yeye."

"Atafungwa, mjomba!"

"Mzee yule? Atakula bure. Andika."

Mlango ulijifunga. Kitufe cha kutokea kilikuwa kibovu tangu majira ya baridi. Bila kadi, hutoki. Baridi ya viyoyozi ilikuwa kali, simu hazishiki. Desouki alivua koti lake, akamfunika mpwa mabegani.

"Utapata kikohozi tena," alisema.

Wagdi aliketi. Desouki alisimama nyuma yake. Mjomba alijua kusoma barua, lakini mambo ya mitambo hakuyajua. Wagdi alifungua kazi ya kuhamisha, akabonyeza hatua ya mwisho. Alisubiri dakika chache, mpaka sanduku la mkurugenzi likapanda juu. Ndipo akaandika ile barua, akaituma.

Mlango uligongwa. "Mmesahau kitamu!"

"Mfungulie, aende zake," Desouki alinong'ona. Mkono wake ulikuwa kwenye kisu kiunoni.

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa koti lililomfunika Wagdi. Aliigusisha mlangoni, akafungua kidogo, akapokea sahani ya katayefu zinazochuruzika shira, na kwa mkono wa pili akaisukuma kadi kiganjani mwa mzee.

"Umeiangusha, Ami. Nenda kaswali."

Mlango ukajifunga.

Saa kumi na mbili na nusu. Feni za seva zilinguruma.

"Swali la karani liko wapi?"

"Halitashuka. Nimelipandisha sanduku. Mkurugenzi analisoma sasa hivi kwenye simu yake."

"Na kadi?"

"Anayo mwenyewe."

Desouki aliurukia mlango. Akaupiga mateke, akaita, akatukana. Hakuna aliyesikia. Aliporudi kisu kilikuwa wazi, na Wagdi aliogopa kweli, akaegemea seva.

"Kwa nini?"

"Nimekula chakula chake, mjomba."

Kisu kikashuka.

"Na changu je?" aliuliza. "Changu hukula?"

Viatu vizito vya askari vilianza kushuka ngazi. Koti la mjomba lilikuwa bado mabegani mwa Wagdi.