Hodi Tatu za Bi Zabibu

Mimi Sihaba nauza chakula Kibiti, karibu na stendi, na mdomo ninao; waulize wateja wangu. Lakini habari hii kila nikitaka kuianza ulimi unakuwa mzito, kwa sababu siyo ya mtu niliyesikia akisimuliwa ndani ya basi. Ni ya mjomba wangu Mwinyimvua, mdogo wake mama, na ni ya mama yangu mzazi. Ni aibu ya nyumbani kwetu. Nitaisema hivyo hivyo.

Kwetu ni kwenye delta, upande wa Mbwera, kitongoji ambacho bila mtumbwi hukifiki. Tunalima mpunga kwenye tope, nyuma ya mikoko, na mpunga ukianza kuzaa watu huhamia madunguni. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na ngazi ya kupandia, mtu anakaa humo kulinda nguruwe na ngedere wasile jasho lake. Siku yenyewe ilikuwa siku kama nyingine. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, tukashinda uani tunatwanga na kusengenya. Mchana mjomba akapita kuchukua ugali na samaki wa kwenda nao dunguni. Alikuwa na mkuki wake wa nguruwe begani. Akanitania kwamba Kibiti imeninenepesha mpaka mtumbwi ulinibeba kwa huruma, akacheka, akaenda zake.

Mjomba hakuwa mtu mbaya, na sisemi hivyo kumtetea, maana kutetea ndiko kulikotufikisha hapa. Mwaka ule alikuwa amefiwa na mtoto kwa homa ya siku chache. Mtu aliyefiwa hivyo anatafuta wa kumshika, na watu walimtafutia. Wakamwonyesha Bi Zabibu. Kosa lake? Mjane, macho mekundu kwa moshi wa kubanika samaki, na akipalilia anaongea peke yake. Tena shamba lake limepakana na la mjomba. Maneno yalianzia kisimani kwa kunong'ona, yakaishia watu kubadilisha njia wakimwona. Na mimi nilibadilisha njia, mara moja, nikijifanya nimesahau ndoo.

Jua likizama tukamsikia mjomba anakuja mbio juu ya tuta. Hana ndala. Hana mkuki.

"Dada, nimevamiwa."

"Na nani?" mama akauliza.

"Bi Zabibu. Kanipandia dunguni. Ingekuwa yeye au mimi."

Wanaume walikwenda na tochi. Walimkuta chini ya ngazi, amelazwa chali na kufunikwa shuka la mjomba, tope mpaka usoni. Mkuki mjomba alikuwa ameshauchomoa na kuutupa majini. Wanaume hawamfunui mwanamke, basi walimzoa na shuka lile lile wakamleta. Kando yake waliokota kikapu kidogo, na pepeta imemwagika kwenye maji, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa kabla ya mavuno. Binti yake, Rukaya, alisema mbele ya watu wote kwamba mama yake alitoka kumpelekea Mwinyimvua pepeta ya kwanza, ili maneno yaishe. Watu wakatazama pembeni. Mmoja akasema mchawi naye anajua kubeba kikapu.

Anayetuswalisha ni Abdulatifu, kijana tu, tunamwita ustadhi na wengine tumemlea. Asubuhi, kabla ya mazishi, alimweka mjomba mbele ya watu.

"Nina swali moja," akasema. "Anayekujia kukuua, mzuie kwa kitu kitakachomzuia. Dini inakuruhusu, serikali inakuruhusu. Lakini aliyekupa mgongo, huna ruhusa naye tena. Bi Zabibu alikuwa anakuja, au alikuwa anaondoka?"

Mjomba alitazama miguu yake.

"Anakuja, ustadhi."

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Mimi pia nilishusha. Damu ni damu, nilitaka mjomba wangu atoke salama, na lile neno moja lilinitosha.

Mama yangu, Bi Mwanawetu, ndiye muosha wa wanawake pale kwetu. Siku ile alisema ataosha peke yake. Waliozoea kumsaidia aliwarudisha. Rukaya alipotaka kuingia kumshika mama yake kwa mara ya mwisho, mama akamwambia amezidiwa na kilio, akae nje. Mimi nilipeleka maji mpaka kwenye pazia tu. Nilisikia kata ikichota, ikichota, halafu ikanyamaza kwa muda. Mama alipotoka, alimpita mdogo wake mlangoni kama anavyopita nguzo.

Rukaya alimfuata mpaka uani.

"Mama Sihaba, wewe umemuona. Alichomwa wapi?"

Mama akakausha mikono kwenye kanga. "Cha maiti kinakwenda na maiti, mwanangu. Ndiyo dini."

Ni kweli ndiyo dini. Muosha akiona aibu ya maiti haruhusiwi kuitoa nje. Lakini kuna aibu ya maiti na kuna aibu ya aliye hai, na mama alijua vizuri anaisitiri ya nani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Polisi walipofika na boti tulikuwa tumeshazika. Walimchukua mjomba, wakakaa naye siku kadhaa, akatoka kwa dhamana. Kila waliyemuuliza aliwajibu kwamba Bi Zabibu alikuwa anakuja, wakiwemo watu ambao jioni ile walikuwa wamelala na mafua.

Arubaini haijafika, na mimi sijarudi Kibiti, mambo yakaanza kwa mjomba.

Mke wake ndiye aliyesikia mwanzo. Akaja kwa mama, anaomba nilale kwao siku mbili tatu. Nikaenda. Nilijiambia ni woga wa wafiwa.

Magharibi ikaingia. Mjomba alikuwa amekaa kitandani amejifunika, joto lote lile. Mkewe alizima redio. Nje kulikuwa kimya, hata vyura walikuwa wamenyamaza.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke, ya upole.

"Hodi."

Mjomba aliziba masikio.

"Hodi."

Basi. Kisha miguu kwenye tope. Chapa. Chapa. Chapa. Inaondoka.

Kwetu hodi ni tatu. Ukipiga tatu usiitikiwe, unageuza kwa wema, unarudi ulikotoka. Nilisimama pale nikawaza, mchawi gani huyu mwenye adabu hivi? Hasira zikanishika kuliko hofu, nikafungua mlango kwa nguvu.

Niliona mgongo.

Mwanamke mzee, kanga mbili, anatembea polepole kwenye njia ya shambani. Hakukimbia. Katikati ya mgongo kanga ilikuwa imelowa, nyeusi, na unyevu ule ulikuwa unashuka. Nilimwita. Hakugeuka. Alikwenda mpaka giza likamchukua, na mimi nilikuwa nimeshajikojolea.

Niliporudi ndani mjomba alikuwa ananitazama.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona mgongo."

"Na mimi ndio niliouona, Sihaba." Midomo ilikuwa imemkauka. "Siku ile dunguni nilimjua kwa hodi ya kwanza. Nikanyamaza. Akapiga ya pili, nikanyamaza. Ya tatu. Akageuka aende zake. Nikawaza, akiondoka leo, kesho atarudi. Nikarusha."

Mkewe aliweka kanga mdomoni. Mimi nilitoka bila kuaga, usiku ule ule, nikaenda kwa mama. Sikumuuliza. Nilimwambia tu, "Mgongoni." Mama akakaa chini kwenye vumbi. Akasema aliosha lile tundu mara tatu, na kila alipomwaga maji alijiambia akimaliza atasema, na alipomaliza akamwona ndugu yake amesimama mlangoni, mdogo wake aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, akashindwa.

Tungesema kesho yake. Hatukusema. Tungesema Ijumaa, baada ya swala. Hatukusema. Kila tulipokutana na Rukaya tulimsalimia kwa sauti kubwa, tukamuuliza habari za kuku wake, mpaka nikawa najichukia nikisikia sauti yangu mwenyewe.

Wiki ile mjomba alipotea. Mkewe alisema hodi ya tatu ilipopita aliondoka kitandani, akavaa ndala, akasema, "Subiri, Bi Zabibu, nisubiri." Asubuhi tulifuata nyayo. Za ndala kando ya za miguu mitupu, zimekwenda pamoja kama watu wanaozungumza, mpaka kwenye mikoko. Maji yalikuwa yanajaa. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Mpaka leo hajaonekana, wala mwili.

Tulidhani yameisha. Mama alidhani hivyo zaidi yangu. Alisema mwenye deni amelipa, sasa tuwaache wafu na wafu wao. Nilitaka kukubali.

Jioni moja mvua ilinyesha, ikakatika. Tulikuwa ndani sisi wawili, mama amemaliza kuswali magharibi, bado yuko kwenye mkeka. Nikasikia tope linakanyagwa.

Chapa. Chapa.

Haikuwa inaondoka. Masikio hayadanganyi kwa jambo kama hilo. Ilikuwa inasogea.

Nikachukua panga juu ya kabati.

"Weka chini," mama akanong'ona.

"Mama, anakuja."

Neno lenyewe lilinitoka hivyo, na nilipolisikia halikunishtua hata kidogo. Nilikuwa na haki. Nyumba yetu, jioni, mlango wetu. Nikajibanza nyuma ya mlango, mkono juu.

"Hodi."

Mama alifumba macho.

"Hodi."

Jasho liliniingia machoni. Niliona kitasa. Niliona pale shingo itakapotokea.

"Hodi."

Nilijua kinachofuata. Angegeuka. Ningefungua, na mgongo ungekuwa pale, karibu, na nisingekuwa na haja ya kuogopa uso wake.

"Karibu," mama akasema.

Aliitikia kwa sauti kamili, kama anamwitikia mgeni wa mchana. Mlango ukasukumwa. Akaingia mtu amelowa, kichwa kimeinama kupita kizingiti, shingo iko chini ya panga langu.

Alikuwa Rukaya.

Mkono haukushuka. Nasema ukweli wangu wote hapa kwa kuwa sina pa kuuficha. Nilimwona ni Rukaya, nikamjua, na mkono ulibaki juu kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi na kuitoa. Mjomba naye alijua ni nani.

Rukaya alinyanyua macho akaliona panga. Hakupiga kelele. Alimgeukia mama.

"Nimekuja kuuliza tena, Mama Sihaba. Nikirudi bila jibu sitakuja tena."

Mama aliinuka kwenye mkeka akapiga magoti mbele yake, mwanamke mzima kwa binti wa kumzaa.

"Mgongoni," akasema. "Mama yako alichomwa mgongoni, Rukaya. Alikuwa anaondoka. Nimekuficha, na Mungu ananiona. Kesho nitasema mbele ya watu, na polisi nitawaambia."

Rukaya hakumwinua. Alisimama akilia bila sauti, maji ya mvua na ya macho hayatofautiani. Alipomaliza alijifuta, akanitazama mimi. Panga nilikuwa nimelishusha, nimelificha nyuma ya paja kama mtoto aliyeiba sukari.

"Na wewe, Sihaba," akaniuliza, "ungewaambia nilikuwa nakuja?"

Jibu lilikuwa ndiyo, na alilijua. Ningesema hivyo, na mama angemwosha Rukaya peke yake, na watu wangeshusha pumzi. Aliaga kwa kichwa, akatoka.

Kulipokucha mama alivaa kanga zake za kwenda msibani, akaenda kwa ustadhi Abdulatifu, akasema kila kitu kibarazani mbele ya walioswali. Wengine walimwambia angenyamaza tu, marehemu ni marehemu. Aliwajibu kwamba muosha huoshwa, na yeye hataki kuoshwa na mtu anayejua kunyamaza kama yeye.

Mimi nilibaki nifagie. Nje ya mlango tope lilikuwa limeanza kukauka na nyayo zimeganda vizuri. Ndala za Rukaya zilikuja, na ndala za Rukaya ziliondoka. Alikuja peke yake. Nilimwona kwa macho yangu akiingia na kutoka, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Lakini kando ya ndala zake kulikuwa na miguu mitupu, mipana, ya mtu mzima aliyezoea tope, vidole vyote vimeelekea kwetu. Ilikuja sambamba naye kutoka njia ya shambani mpaka kwenye kizingiti. Nilizunguka nyumba. Nilitafuta mpaka kwenye ua wa jirani. Ya kuondoka sikuiona.

Mama aliporudi nilimwonyesha. Aliangalia chini, akanipokonya ufagio.

"Usifute," akasema. "Ameitikiwa."

Akaingia ndani, nikamsikia akimsogezea mtu mkeka.