Bafta kwenye Mdomo wa Bomba

"Kama kisimani hamna mawe, hilo bomba linatafuna nini?"

Kidawa aliuliza hivyo mchana kweupe, mbele ya wanaume kumi na mmoja. Wanaume wazima, wakatazama vidole vya miguu yao!

Kisima kilikuwa katika shamba la minazi la Hilal, nje ya Kilindoni, zama za Mdachi. Tangu kale, mtekaji humwaga ndoo ya kwanza irudi chini, kwa mwenyewe, mzimu wa kisima. Pampu ya mvuke aliyoileta Hilal hairudishi kitu. Ilinyonya tu, na kadiri maji yalivyoshuka ndivyo ilivyovuta kwa shida, ikikwaruza kama changarawe ndani ya kibuyu. Shamte, mume wa Kidawa, ndiye aliyechochea moto wake. Alipoifungua alikuta chuma kimeliwa, vishimo vitupu.

Siku ile ya swali lake, bomba likiwa limepandishwa juu, Kidawa akalifunga mdomo kwa bafta nyeupe yenye ubani, kama watu wavikavyo mizimu. Nia yake njema. Lakini maji sasa yakapenya kwa taabu, na kesho yake pampu ikakwaruza maradufu.

"Kitambaa kinaikaba, Bwana," Shamte alimnong'oneza Hilal. "Tuizime, tulipandishe bomba."

"Niizime, miche yangu ife? Shuka ukakitoe. Au unamwogopa shetani wa mkeo?"

"Inavuta, Bwana. Itanivuta na mimi."

"Kwani wewe utaingia bombani?"

Wale kumi na mmoja wakacheka. Ndiyo, walicheka.

"Mama Chiku," Shamte alimwambia mkewe, akijifunga kamba kiunoni, "nikigonga bomba mara tatu, nivute."

Akashuka. Mkwaruzo ukakoma ghafla, maji yakatoka laini yakinuka ubani, kisha ngo, ngo, ngo, na Kidawa akavuta, na kamba ikawa nzito kupita uzito wa mtu mmoja, kana kwamba chini yupo mwingine anayeishikilia bila haraka, naye akapiga mayowe wamsaidie, na wale kumi na mmoja wakabaki kumtazama Hilal usoni wakingoja amri, hata kamba ikapanda nyepesi, fundo halijafunguka, kitanzi kitupu, upana wa kiuno cha Shamte.

Wapiga mbizi hawakuona mtu. Pampu iling'olewa, bomba likabaki. Kila adhuhuri, hadi leo, bomba hugongwa mara tatu. Kidawa huteremsha kamba, nayo huwa nzito.

Wewe unayesikiliza, ukipita pale ukamkuta, usimwulize kitu. Shika kamba, uvute naye.